Watunga Programu na Sifa za Kalamu Zao

Miongoni mwa mafundi wa zama hizi ni vigumu kuwapata wanaoandika juu ya ala zao kwa wingi na kwa mapenzi kama watunga programu za kompyuta. Seremala huipenda randa yake, na fundi wa jahazi hampi mtoto tezo yake kuichezea. Walakini ni nadra kumkuta seremala aliyeketi akaandika kurasa ishirini za kuisifu randa. Mtunga programu hufanya hivyo. Ala yake kubwa ni kihariri, yaani programu ambayo ndani yake maandishi huandikwa, husahihishwa, huhamishwa na kufutwa. Kwa kuwa kazi yake yote hupita humo tangu asubuhi hata jioni, yeye hukitaja kihariri chake kama washairi wanavyomtaja mpenzi, na kihariri cha mwenziwe kama wanavyomtaja hasimu. Kwa zaidi ya nusu karne maandishi hayo yamelimbikana: makala za kitaalamu, hotuba, miongozo, mahojiano na insha. Hayakuhesabiwa kuwa fasihi, na wenyewe walioyaandika hawakudai heshima hiyo. Hata hivyo yana desturi zake, yana mafundi wake na walaghai wake, na yastahili kupimwa kwa mizani ile ile inayopimia tungo nyingine.

Mtu akitaka kujua maandishi haya ni ya jamaa gani, na ayaweke karibu na majigambo, utungo ambao Wahaya wa Kagera na majirani zao wameukuza hata ukawa sanaa kamili. Katika majigambo mtu husimama mbele ya watu, akajitaja kwa nafsi yake, akahesabu matendo yake, akausifu mkuki wake. Na kila msikilizaji hufahamu kuwa mkuki hausifiwi kwa ajili ya chuma chake. Ndivyo ilivyo hapa. Mwandishi asemapo kuwa kihariri chake kina kasi, maana yake ni kuwa yeye ana kasi. Asemapo kuwa ni kigumu kujifunza, maana yake ni kuwa yeye amekwisha jifunza. Hilo si aibu, maana majigambo ni utungo wenye haki yake. Kosa huanza pale mwenye kujigamba anaposahau kuwa anajigamba, akadhani anatoa hukumu ya elimu.

Mfano wa wazi wa kosa hili ni mengi yaliyoandikwa juu ya kihariri kiitwacho vi. Ili hukumu iwe ya haki, yafaa kwanza kujua kilivyozaliwa. Katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson alitunga kihariri ed kwa ajili ya mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969. Wakati huo mtu alizungumza na kompyuta kwa mashine iliyopiga chapa juu ya karatasi, herufi 10 kwa sekunde, kwa kishindo. Mashine ikiwa nzito wa ulimi namna hiyo, kila neno inalolitoa ni hasara ya wakati. Basi ed ilifundishwa kunyamaza. Mtumiaji akikosea, haikumweleza kosa lake; ilipiga alama moja ya kuuliza, ikangoja. Huko London, George Coulouris wa Queen Mary College aliona kuwa ukimya huo wawafaa wachache tu, akatunga kihariri kingine akakiita em, kwa maana ya kihariri cha wanadamu wa kawaida. Coulouris alikipeleka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1976, akakiona mwanafunzi mmoja aliyeitwa Bill Joy. Kutoka hapo ndipo vi ilipozaliwa.

Joy alifanya kazi nyumbani kwa laini ya simu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, ambazo ni herufi 30 hivi. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 hubeba herufi 1,920. Kwa mwendo ule kuijaza skrini moja kulihitaji sekunde 64. Kila herufi ilikuwa na bei yake. Ndiyo sababu amri za vi ni herufi moja moja, na ndiyo sababu ya herufi h, j, k na l kutumika kwa kwenda kushoto, chini, juu na kulia: katika kibodi ya ADM-3A, mashine aliyokuwa nayo Joy, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne. Ufukara wa laini ya simu na rangi ya kiwandani juu ya vibonye vinne ndivyo vilivyoamua. Joy mwenyewe, alipohojiwa miaka mingi baadaye, alisema bila kuficha kuwa alikitunga kihariri kile kwa ajili ya ulimwengu ambao umekwisha.

Lakini wafuasi walipokuja, hawakumsikiliza mwenye kutunga. Waliandika kana kwamba herufi zile nne zilichaguliwa kwa hekima ya vidole, na kana kwamba mkono unaoinuka kufuata kibonye cha mshale umeingia dosari ya tabia. Hapa dhiki ya zamani imegeuzwa adili. Mhakiki wa fasihi anaijua njia hii: ndiyo inayomfanya mtu aseme kuwa vina vya utenzi vimewekwa na maumbile, ilhali viliwekwa na sikio, na sikio lilifundishwa.

Hata hivyo katika maandishi ya watu wa vi limo jambo moja la thamani, nalo ni pale baadhi yao wanapotambua kuwa amri zake ni lugha. Herufi d ni kitenzi, maana yake futa; herufi w ni jina, maana yake neno; ukizitia tarakimu katikati, d3w ni sentensi timamu: futa maneno matatu. Aliyejua vitenzi vitano na majina kumi amepata sentensi hamsini bila kufundishwa hata moja, na idadi huziongeza zaidi. Mwandishi anayelieleza jambo hili kwa utulivu amemfundisha msomaji kitu kuhusu lugha na kuhusu ala kwa pamoja. Na kwa msomaji wa Kiswahili pana kichekesho kidogo: d na w hazimpi maana yoyote, kwa kuwa zimetoka katika maneno ya Kiingereza, lakini j na k hazimpi Mwingereza maana yoyote pia. Hapo wote ni wageni, nao hukaa kikao kimoja.

Upande wa pili wa ugomvi uko kihariri Emacs, kilichoanza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, na ambacho jina la Richard Stallman limefungamana nacho. Juu ya vita vya kambi hizi mbili yameandikwa mengi, na sehemu kubwa yake yaweza kupitwa bila hasara. Stallman mwenyewe amezoea kuvaa joho na taji la duara mbele ya wasikilizaji wake, akajifanya mtakatifu wa dini ya Emacs, akawaambia kuwa kutumia vi iliyo huru si dhambi bali ni kitubio. Mzaha huo huchekesha mara ya kwanza. Ulipokaririwa na watu elfu umekuwa kama methali iliyotumiwa mahali pasipo pake, na umewafundisha vijana wengi kuchagua ala kama watu wanavyochagua timu ya mpira.

Lakini Stallman ni mwandishi wa namna mbili, na yule wa pili si mchekeshaji. Mwaka 1981 alichapisha makala juu ya Emacs ambayo ni miongoni mwa maandishi bora ya jamii hii. Humo anatoa hoja iendayo kinyume cha mafundisho ya uhandisi wa wakati wake: kwamba kihariri kile kisingaliweza kupatikana kwa kupangwa mapema, kwa sababu mpango hufika tu pale palipoonekana tangu mwanzo wa safari. Kilikua kwa sababu kila mtumiaji aliweza kukibadili kikiwa kazini, na mabadiliko mema yakarudishwa kwa wote. Aliyekipokea alitakiwa arudishe maboresho yake, kama mtu aliyeazimwa shamba akatakiwa aache miche. Nathari yake ni kavu, haina pambo, na haijigambi. Anaeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, kisha anaeleza kwa nini watu waliokizunguka walipaswa kuishi kwa namna fulani ili kitu hicho kiwezekane. Ni watungaji wachache wa vitabu vya siasa walioweza kuunganisha mambo hayo mawili katika kurasa chache namna ile.

Na bado sehemu iliyo bora kuliko zote haimo katika makala hayo. Imo katika hotuba aliyoitoa mwaka 2002 mbele ya wataalamu wa lugha ya Lisp, akieleza historia ya kazi yake. Humo anamtaja Bernie Greenberg, aliyetunga Emacs nyingine mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya mfumo wa Multics, akaitunga yote kwa Lisp. Katika ofisi ya Greenberg walikuwapo makarani wapiga taipu. Makarani hao walianza kukitumia kihariri, kisha wakaanza kukiongezea amri zao wenyewe. Nao walijifunza kutoka katika mwongozo ulioonyesha namna ya kukipanua, lakini haukusema popote kuwa kufanya hivyo ni kutunga programu. Wao waliamini kuwa kutunga programu hakuwezekani kwao. Kwa kuwa hawakuambiwa kuwa ndiko wanakokufanya, hawakuogopa, wakakufanya.

Kisa hiki kinapindua majigambo yote yaliyotangulia. Kama karani wa ofisi aweza kukibadili kihariri akiwa na kijitabu kilichoandikwa kwa adabu, basi ule ugumu ambao wenye kujigamba waliufanya mlango wa heshima haukuwa katika kazi. Ulikuwa katika jina la kazi. Uliwekwa na wale waliokwisha ingia. Mhakiki hawezi kupita hapa bila kuona pia jinsi kisa kinavyosimuliwa. Stallman anakitumia kama ushahidi wa uzuri wa Lisp, akakimaliza kwa sentensi chache, akaendelea na safari yake. Makarani hawana majina. Amri hata moja waliyoitunga haikuelezwa, wala haikusemwa ilirahisisha kazi gani: barua, hesabu, au orodha ya mishahara. Aliyeandika mwongozo hakutajwa, naye huenda ndiye mwalimu mkubwa kuliko wote katika habari hii. Lulu imeokotwa ikatumiwa kama kokoto ya kuzuia mlango. Kasoro hii si ya Stallman peke yake. Ni kasoro ya utungo wenyewe, ambao jicho lake halizoei kutazama mkono usio wa msemaji.

Mwandishi wa tatu wa kupimwa hapa ni Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeanza kuitunga Vim, mrithi wa vi, mwaka 1988, akaitoa kwa watu mwaka 1991, akaitunza mpaka alipofariki mwezi Agosti 2023. Aliandika mwaka 2000 insha juu ya mazoea saba ya kuhariri maandishi vyema, akilichezea jina la kitabu mashuhuri cha Stephen Covey cha 1989. Jina ni la utani, lakini insha ni ya fundi. Anaanza na ukweli ambao wengi wausahau, kuwa mtu aketiye mbele ya kihariri hutumia muda mwingi kusoma, kutafuta na kusahihisha kuliko kuandika. Kisha anatoa shauri la hatua tatu: jitazame ukifanya kazi hata uone ni wapi unapopoteza wakati, tafuta njia iliyo ya haraka zaidi, ifanye mara nyingi mpaka vidole viizoee bila ya akili kushughulika. Anaonya pia kuwa asiyekusudia kazi asijaribu kuzijua amri zote, maana msumeno hunolewa ili ukate mti. Hamna majigambo humo. Msomaji haambiwi awe nani, anaambiwa ajitazame. Kwa insha fupi ya kazi, hilo si haba, ijapokuwa ina ukavu wa mtu asiyemdhania msomaji wake kuwa na haja nyingine yoyote ila haraka.

Walakini maandishi ya Moolenaar yaliyosomwa na watu wengi zaidi si insha hiyo. Kwa miaka mingi, aliyeifungua Vim bila ya faili aliona katikati ya skrini tupu mstari mfupi ukimwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Vim ilitolewa bure. Bei yake, kwa atakaye, ilikuwa sadaka. Mstari ule uliongoza kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya programu yenyewe, nao wasimulia habari ya Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika nchi ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea mwaka 1994. Unaeleza kuwa watu wa huko ni wakulima, kuwa UKIMWI umeua wazazi wengi, na kuwa kituo cha watoto kinahitaji fedha kwa chakula, matibabu na elimu. Moja la mashirika yaliyotajwa humo kupokea michango, la huko Kanada, laitwa Kuwasha, neno la Kiswahili lililosafiri mbali, ingawa wenyeji wa Kibaale husema Kiganda zaidi.

Kwa upande wa nathari, ukurasa huu wapita insha ya mazoea saba. Sentensi zake ni fupi, hazilii, hazimsuti msomaji. Mtu aliyekwenda mahali akaona jambo anasema alichokiona na kinachohitajika, kisha ananyamaza. Jambo la ajabu zaidi ni mahali ulipowekwa. Katika utungo mzima wa sifa za vihariri, ambamo kila mtu asema juu ya kasi ya vidole vyake, huyu peke yake ndiye aliyeiweka mbele ya kazi habari ya watu wengine. Mamilioni ya mafundi wa Ulaya, Asia na Marekani wamelisoma jina la Uganda mara nyingi, nao hawakuwa wakilitafuta.

Basi hapa ndipo swali gumu linapoingia, na halimvunjii heshima marehemu. Mtu wa Afrika Mashariki anaonekana katika maandishi haya kwa sura gani? Anaonekana akiwa mtoto, tena maskini, tena mpokeaji. Sura hiyo haikuwa ya uongo. Rakai ilipata msiba mkubwa, na kituo kile kilihitaji kila senti. Lakini ni sura ya pekee iliyokuwapo. Mwanafunzi wa Kampala au wa Dar es Salaam aliyeifungua Vim ili atunge programu alilakiwa na mstari uliomtaja ndugu yake wa kusaidiwa, usiomdhania yeye mwenyewe kuwa miongoni mwa wasaidizi wala wa mafundi. Alikuwa ameketi mezani, na mazungumzo ya mezani yalikuwa juu ya njaa ya kwao. Ni hali ile ile ya makarani wa Greenberg, ambao wapo katika kisa, wanafanya kazi, wala hawasemi neno.

Kwamba sura nyingine yawezekana, linashuhudiwa na Brazili. Mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki huko Rio de Janeiro, walitunga lugha ya programu wakaiita Lua, ambalo kwa Kireno ni mwezi. Waliitunga kwa haja za nyumbani kwao. Leo Neovim, kihariri kilichochipuka kutoka Vim mwaka 2014, hupanuliwa kwa Lua; atakaye kukibadili, awe Berlin au Tokyo, hulishika neno la Kireno cha Rio bila ya kufikiri limetoka wapi. Hakuna mstari katikati ya skrini unaomwomba awahurumie Wabrazili. Wameingia katika ala kwa mlango wa watungaji.

Kwa Kiswahili, jaribio lililo karibu zaidi ni la mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maandishi asilia ya programu zile yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyabadili, sawasawa na hoja ya makala ya 1981. Waweza kusemwa ukweli kuwa walibadili uso wa ala, si mifupa yake. Lakini uso nao si jambo dogo. Kila amri ilidai neno, na kila neno lilidai hukumu: likopwe kutoka Kiingereza, liundwe jipya, au lichukuliwe la zamani kutoka ofisini, sokoni au baharini likapewa kazi mpya? Mfasiri wa utenzi akikutana na neno gumu aweza kulizunguka. Mfasiri wa amri hawezi, kwa sababu kibonye kina nafasi ya neno moja, na mtu atakibonyeza akitumaini kuwa neno limesema kweli.

Waliofanya hukumu hizo wana mambo ya kusema ambayo hayamo kwa Stallman wala kwa Moolenaar. Masimulizi ya kazi yao, yakiandikwa na mikono iliyoifanya, neno kwa neno, pamoja na maneno yaliyokataliwa na sababu za kukataliwa, yangekaa vizuri katika rafu moja na makala ya 1981. Na kama atatokea mtu wa kuuandika kwa Kiswahili mwongozo wa kupanua kihariri, na ausome kwanza ule wa makarani, kama nakala yake bado yapatikana mahali; na asiweke katika ukurasa wa kwanza neno la kuwaonya wasomaji kuwa watakayoyafanya ni magumu.